Kabla ya Kushika Bisibisi

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niseme juu ya kujiundia vitu na kubadilisha vile tulivyovinunua. Wengi huanza na vifaa vya kazi: bisibisi ipi, chuma gani cha kulehemu. Mimi naanzia kwingine. Kila kitu kilichotoka kiwandani kimebeba maamuzi ya watu. Yupo aliyeamua unene wa waya, yupo aliyechagua gundi akaacha skrubu. Kazi yetu ni kuutambua uamuzi, kujua ulitokana na nini, ndipo tuuache au tuubadilishe. Anayefungua kifaa bila swali hilo hukiharibu, hata akiwa na mkono mwepesi.

Chukueni balbu ya kawaida ya LED, yaani ya vitaa vidogo vya kielektroniki, ile inayokufa kabla ya siku zake. Ukibandua kifuniko cheupe utakuta bamba lenye vitaa vidogo vya manjano. Vichunguzeni: mara nyingi kimoja kina kitone cheusi katikati. Vimeungwa mfululizo, umeme hupita kimoja baada ya kingine, kwa hiyo hicho kikikatika vyote vinazimika. Kwa kawaida kinachokiua ni joto, na joto hilo lilikuwa uamuzi: mtengenezaji ametumia vitaa vichache na kuvipitishia mkondo mkubwa wa umeme, apate mwanga mwingi kwa gharama ndogo.

Basi uamuzi huo mnaweza kuuona kwa macho. Katika balbu nyingi, karibu na chipu inayodhibiti mkondo, kuna vipinga viwili vidogo, yaani vipande vinavyozuia umeme, vilivyowekwa sambamba. Chipu huhakikisha volti kwenye vipinga hivyo haibadiliki. Tuseme ni volti 0.6. Kizuizi hupimwa kwa omu: kimoja kikiwa cha omu 20 na kingine cha omu 30, kwa pamoja vinakuwa omu 12, na mkondo unakuwa miliampea 50. Toa kile cha omu 30, kibaki cha 20 peke yake, mkondo unashuka hadi miliampea 30. Nguvu inayoingia kwenye vitaa inapungua kwa asilimia 40 hivi. Mwanga nao unapungua, ila si kwa kiasi hicho, kwa sababu LED hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati mkondo unapokuwa mdogo na joto likiwa chini. Umetoa kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na balbu imeongezewa maisha. Kampuni ya Philips ilifuata kanuni hiyohiyo, LED nyingi zinazoendeshwa polepole, ilipotoa mwaka 2016 balbu zilizoundwa kwa ajili ya Dubai, zinazofikia lumeni 200, kipimo cha mwanga, kwa wati.

Tahadhari yake ni nzito, tafadhali isikieni. Saketi za balbu hizi kwa kawaida hazijatenganishwa na umeme wa ukutani. Ukiigusa ikiwa inawaka, umegusa waya wa moto. Itoeni kwenye soketi kwanza, kisha subirini, maana kapasita, kipande kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji. Na kifuniko kirudi mahali pake kabla ya kuwasha tena.

Uamuzi mwingine haumo kwenye waya, umo kwenye programu. Ruta ya Linksys WRT54G, kifaa cha kugawa intaneti nyumbani, ilitoka mwishoni mwa 2002. Mwaka uliofuata wadadisi waligundua kuwa ndani yake kuna Linux, mfumo endeshi huria, ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza atoe msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Kampuni ikautoa. Kutoka hapo ukazaliwa mradi wa OpenWrt, programu mbadala ya ruta, mwaka 2004, na ruta ya nyumbani ikaanza kufanya kazi ambazo aliyeiuza hakuziweka: kupanga foleni ya data, kutenga mtandao wa wageni. Hilo linanigusa sana, kwa sababu watu wasiofahamiana walisoma uamuzi mmoja, wakaurekebisha kwa faida ya wote.

Gundi inayofunga betri za simu nayo ni uamuzi, na huo sasa umeingiliwa na sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kuanzia Februari 2027 mtumiaji aweze mwenyewe kuitoa betri ya kifaa cha kubebeka, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyosamehewa.

Vipo vitu ambavyo siwashauri wanaoanza kuvifungua. Oveni ya maikrowevu ni ya kwanza: kapasita yake hufanya kazi kwenye maelfu ya volti, na huweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Betri za lithiamu zinafuata. Seli ya kawaida ikijaa ni volti 4.2, ukiizidisha, au ukiitoboa, yaweza kuwaka moto. Mlinzi wake ni kile kibamba kidogo cha saketi kilichoungwa nayo, msikiondoe kwa kudhani kinaziba nafasi.

La mwisho ni kalamu. Ukibadilisha chochote, andika ndani ya kifuniko: tarehe, kipande ulichotoa, thamani yake. Siku moja mtu mwingine atakifungua kifaa hicho, na uamuzi atakaoukuta humo utakuwa wako.