SSH ya Timu: Anwani za Wote, Ufunguo Kila Mtu na Wake

Haya, karibuni. Leo ni SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa amri. Terminali iko wazi? Twende.

Ufunguo kwanza: `ssh-keygen -t ed25519`. Ikikuuliza nenosiri la kuufungia, usibonyeze Enter ukapita. Laptopu ikiibiwa, kufuli lililobaki ni hilo tu. Faili lenye .pub mpe msimamizi wa seva. Lile lingine halitoki kwenye mashine yako: si kwa baruapepe, si kwa WhatsApp, hata bosi akiliomba.

Sasa faili la anwani za seva, `~/.ssh/timu.conf`, la kugawana. `Host lango`, seva tunayopitia kwanza, na anwani yake. Kisha `Host malipo`, seva ya ndani, chini yake `HostName 10.0.0.12` na `ProxyJump lango`, yaani pitia lango kwanza. Basi! User (jina la kuingilia) usiweke, IdentityFile (faili la ufunguo) usiweke. SSH hushika thamani inayoisoma kwanza, kwa hiyo jina la mwenzako likitangulia, lako ndiyo limepotea.

Mtaambiwa mtumie `ssh -A`, inayoiwezesha seva unayoingia kuutumia ufunguo wako. Mimi siitaki: mwenye root (mamlaka yote ya seva) pale langoni anaweza kuutumia ufunguo wako muda wote ukiwa umeunganishwa. ProxyJump inatosha.

Fungua `~/.ssh/config`, lako binafsi. Mstari wa kwanza: `Include timu.conf`, yaani soma na faili lile. Wa kwanza, jamani! Kisha `Host nyumbani`, ile seva yako mwenyewe. Mwisho kabisa `Host *`, yaani seva zote, na ndani yake User na IdentityFile zako.

Ngoja niishushe Include chini ya nyumbani, mwone. `ssh malipo`... mnaona? "Could not resolve hostname". Faili lipo, ila Include imemezwa na Host iliyo juu yake, sasa inasomwa ukienda nyumbani tu. Na kuondoa nafasi mwanzoni mwa mstari hakusaidii, SSH haijali nafasi. Irudishe juu. Juu!

Halafu `chmod 600` kwa mafaili yote mawili, yaani wewe tu uyasome na kuyaandika, la sivyo unaweza kukutana na "Bad owner or permissions". Hakiki kwa `ssh -G malipo`: inaonyesha mipangilio itakayotumika bila kuunganisha. Tazama user, hostname, proxyjump.

Mtu akiacha kazi, futa mstari wake kwenye authorized_keys, faili la seva lenye funguo zinazoruhusiwa kuingia, langoni na kwenye malipo pia. Aliyekwisha kuingia hatoki kwa kufutwa huko. Mtoe kwa `sudo pkill -KILL -u` na jina la akaunti yake. Kama akaunti ni ya wote, amri hiyo itawatoa wote. Kwa hiyo huko seva nako, kila mtu akaunti yake.