Dhahabu isiyokuwepo: ndege hoo wa Itō Jakuchū juu ya hariri

Mabibi na mabwana, karibuni. Tazameni mabawa kwanza. Huyu ni hoo, ndege wa hadithi ambaye Wajapani wamemweka hata juu ya paa la hekalu la Byōdō-in, mjini Uji, kwenye jengo la mwaka 1053. Huyu wetu alichorwa na Itō Jakuchū wa Kyoto. Ni mojawapo ya picha 30 alizozianza mnamo 1757, nayo ina kimo cha sentimita 142 hivi.

Manyoya yanang'aa kama yametiwa dhahabu. Hayakutiwa. Picha hizo zilipokarabatiwa, kati ya 1999 na 2004, ilionekana kwamba nyuma ya kitambaa kumepakwa udongo wa manjano, na mbele kuna mistari myembamba ya rangi nyeupe. Basi! Nyuzi za mtande na mshindio zimeachana kidogo, manjano yanachungulia katikati yake, weupe unayapokea. Ziba matundu hayo kwa rangi nzito, na mng'ao umekufa.

Ndiyo maana matayarisho ya hariri yana uzito kuliko brashi. Kingo hubandikwa kwenye kiunzi cha mbao kwa gundi ya wanga, kitambaa kikazwe sawasawa. Kisha hupakwa dosa: maji lita 1, gundi ya ngozi gramu 15 hadi 20, shabu gramu 5 hivi. Bila dosa, wino hutawanyika. Shabu ikizidi, tindikali yake huila hariri pole pole mpaka ikatike kama jani kavu. Mimi naona heri dosa nyepesi mara mbili kuliko nzito mara moja.

Rangi nyeupe ni maganda ya chaza yaliyosagwa. Unga hukandwa na gundi vuguvugu uwe donge, donge hupigwa kwenye sahani mara nyingi (desturi husema mia), ndipo hulainishwa kwa maji. Gundi isichemke, itapoteza nguvu ya kushika. Ikizidi, rangi hupasuka. Ikipungua, hufutika kwa kidole.

Tena weupe huu hudanganya. Ukiwa mbichi huonekana hafifu, hujitokeza ukikauka. Asiyejua huongeza tabaka juu ya tabaka, na picha hizi huviringishwa: rangi nene ndiyo ya kwanza kubanduka.