Mti Haujui Mwaka wa Fedha

Mwenyekiti, wanafunzi, wenzangu wa maabara na wa porini, na ninyi mnaoshika mafungu ya fedha, ambao hasa ndio niliokuja kuzungumza nao: asanteni kwa kunipa nafasi.

Mwaka 1879, huko Michigan, Marekani, mwanabotania William James Beal alichukua chupa 20 akazijaza mchanga wenye unyevu uliochanganywa na mbegu za mimea ya kawaida, nyingi zikiwa za magugu, mbegu 50 za kila aina. Akazifukia midomo ikiwa imeinama chini ili maji yasituame ndani. Alitaka kujua jambo moja tu: mbegu hukaa hai ardhini kwa muda gani? Chupa zilikuwa zikifukuliwa moja moja kila baada ya miaka 5, kisha 10, na sasa ni 20. Mwaka 2021 ilifukuliwa nyingine, usiku, ili mwanga wa jua usiziguse mbegu kabla ya wakati. Baadhi ya mbegu za Verbascum, jamii ya magugu, ziliota baada ya kukaa udongoni zaidi ya miaka 140. Chupa ya mwisho inangoja mwaka 2100. Beal mwenyewe alifariki mwaka 1924. Ramani ya mahali chupa zilipo imekuwa ikipokezanwa tangu wakati huo.

Hebu mpeni Beal fomu zetu za leo. Muda wa mradi: miaka 221. Matokeo ya robo mwaka ya kwanza: hakuna. Vifaa: chupa, koleo, ramani. Andiko hilo lingerudishwa kabla halijasomwa ukurasa wa pili. Nanyi mnacheka, lakini ni jaribio linalotajwa hadi leo kila wanaohifadhi mbegu wanapokutana.

Ruzuku ya kawaida ya utafiti ni ya miaka miwili au mitatu. Mwaka wa kwanza unaishia kwenye vibali na kutafuta watu. Wa pili, mvua ikikataa, mimea haichanui na hakuna cha kupima. Wa tatu ni wa kuandika ripoti. Ipo miti ambayo hata haijafikia umri wa kuchanua ndani ya miongo miwili, na hiyo tunaijia na kalenda ya mhasibu.

Madhara yake yanaonekana vizuri katika kazi ya kurudisha mimea asilia porini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 uliangalia majaribio ya aina hiyo kwa spishi 249 sehemu mbalimbali za dunia. Kwa wastani, mimea iliyobaki hai ilikuwa asilimia 52. Iliyochanua ni asilimia 19, na iliyozaa matunda ni asilimia 16. Sasa mradi wa miaka mitatu unahesabu nini? Unahesabu miche iliyo hai, unapiga picha, unaandika "umefanikiwa". Mmea usiozaa haujarudi porini, umehamishiwa huko tu kwa muda. Ila wakati wa kuhesabu matunda unapofika, fedha zimekwisha, na yule kijana aliyejua kila mche ulipopandwa ameajiriwa kwingine.

Benki za mbegu nazo zina kisa chao. Jengo hupata mfadhili kwa urahisi, kwa kuwa lina utepe wa kukata na kibao cha jina. Umeme wa kuweka mbegu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hauna utepe. Kuzitoa mbegu kila baada ya miaka kadhaa na kuziotesha, kuhakikisha kwamba tunahifadhi kitu kilicho hai, nako hakuna utepe. Halafu kuna mimea, kama mialoni, ambayo mbegu zake zikikaushwa zinakufa. Hiyo inahitaji kugandishwa viinitete vya mbegu zake katika naitrojeni kimiminika, yenye baridi kali mno, na karibu kila spishi inadai utafiti wake wa kujua namna. Bila utafiti huo, jengo halituokolei chochote.

Niseme kidogo zaidi kuhusu hebaria, yaani hazina za sampuli za mimea iliyokaushwa, maana hapa ndipo ninapoumia. Sampuli iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, ikaandikwa mahali na tarehe, ndiyo ushahidi kwamba mmea fulani uliwahi kuota mahali fulani. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walifuatilia spishi mpya zilitoka wapi. Ni asilimia 16 tu zilizokuwa zimeelezwa ndani ya miaka mitano tangu kukusanywa, na karibu robo zilihusisha sampuli zilizokaa kabatini zaidi ya miaka 50. Maana yake spishi nyingi ambazo sayansi haijazipa jina zimeshakusanywa na zinangoja mtu mwenye ujuzi wa uainishaji na mshahara. Hatuwezi kuhifadhi kisheria kitu kisicho na jina. Hata hivyo, mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilitangaza kufunga hebaria yake yenye sampuli zipatazo 825,000. Kama chuo chenye uwezo ule kinaona huo ni mzigo, fikirieni walio na kidogo.

Mtaniuliza habari za dawa. Kweli, gome la Taxus brevifolia, mti wa misitu ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, lilikusanywa mwaka 1962, muundo wa kemikali yake, paclitaxel, ukachapishwa mwaka 1971, namna inavyofanya kazi ikaelezwa mwaka 1979, na ikaidhinishwa kuwa dawa ya saratani ya ovari mwaka 1992. Miaka 30, kwa fedha za umma, na kwa mti ambao wakata magogo waliuona takataka. Naitaja hoja hii kwa kuwa inawagusa wenye fedha, lakini binafsi siipendi. Tukikubali kwamba mmea unastahili kuchunguzwa kwa sababu tu huenda ni dawa, tumeitupa karibu mimea yote. Tayari iko nyuma ya wanyama: Marekani, zaidi ya nusu ya spishi zilizo kwenye orodha ya serikali ya zilizo hatarini ni mimea, na fungu lake la fedha limekuwa chini ya asilimia 5.

Ninachoomba hakihitaji mabilioni. Sehemu ya fedha iwekwe wakfu, mtaji usiguswe, faida yake ilipe ufuatiliaji wa mwaka hadi mwaka. Vyama vya wapenda mimea asilia viendelee kutoa ruzuku zile ndogo ndogo kwa wanafunzi, zinazolipa nauli, kibali, mifuko ya karatasi na uchunguzi wa DNA. Msiwacheke, mtaalamu mmoja wa kundi la mimea huanza hivyo. Na andiko lolote la kurudisha mmea porini lionyeshe nani atakwenda kuhesabu matunda mwaka wa kumi, na nani atamlipa. Hilo liwe sharti, lisiwe pendekezo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Suala la vibali vya kukusanya sampuli naomba mliulize kwenye maswali, kwa sababu nina mengi ya kulalamika.