Una wagonjwa wanne, unaanza na nani?

Haya, wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu leo imekauka.

Nawapa wodi. Mmepokea zamu, mna wagonjwa wanne. Wa kwanza kavunjika mguu, kafungwa plasta jana, analia maumivu mpaka jengo zima linamjua. Wa pili ni wa kisukari, sukari imekaa sawa, anataka tu kujua anaruhusiwa lini. Wa tatu ana ugonjwa sugu wa mapafu wa miaka mingi, oksijeni kwenye damu inasoma asilimia 90. Wa nne kapasuliwa tumbo jana, hasumbui mtu, ila anageukageuka kitandani, na mapigo yalikuwa 84 asubuhi sasa ni 118, presha 108 kwa 70.

Nasikia huko nyuma "wa tatu, wa tatu"! Hapana jamani. Huyo mapafu yake ndo yalivyo, wagonjwa wengi wa aina yake tunawalenga 88 mpaka 92, ukimfungulia oksijeni nyingi kwa kuona huruma unaweza kumharibia kabisa. Nendeni kwa wa nne. Mtu akivuja damu ndani mwili unapambana kwanza, moyo unakimbia, mishipa inabana, presha inashikilia pale pale, kwa hiyo wewe unayesubiri presha ishuke ndo ushtuke utashtuka wakati mwili umeshachoka kupambana. Na kule kugeukageuka msimwambie "baba tulia ulale", inawezekana ubongo haupati oksijeni ya kutosha. Swali la kujiuliza ni hili tu, nani amebadilika?

Ukifika usianze na simu. Angalia njia ya hewa, pumzi, kisha bandeji, tumbo limejaa au limekaza, mikono ya baridi, kanula, ule mrija wa mshipani, inapitisha? Mkojo kwenye mfuko je, mtu wa kilo 60 tunategemea kama mililita 30 kwa saa, chini ya hapo figo zinakosa damu. Mambo ya dakika chache, na mkiwa wawili mmoja anakagua mwingine anaita. Hapo daktari ukimpigia unamwambia namba, sio "dokta mgonjwa hayuko vizuri".

Sasa pumzi. Nimeona chati wodi nzima wanapumua 20, wote, hata yule aliyepigwa mofini, dawa kali ya maumivu inayoweza kupunguza pumzi, anayekoroma! Mnaandika bila kuhesabu, tusidanganyane. Hesabu dakika nzima, shika mkono kama bado unapima mapigo, maana akijua unamhesabu anabadilisha. Mtu mzima ni 12 mpaka 20. Ikifika 25 ita msaada, hata kama anaongea na kutabasamu. Na wa mofini akiwa 8 na kumwamsha ni shida, dozi inayofuata usiguse, ita watu.

Na wa mguu? Hatumwachi alie, anapewa dawa yake. Ila kama dawa imeingia na maumivu ndo kwanza yanapanda, ukimnyoosha vidole anaruka, mguu umekaza kama ubao, hiyo ni presha inapanda ndani ya misuli na plasta inabidi ifunguliwe sasa hivi, msisubiri vidole vipoe, kwa sababu mapigo ya mguuni yanaweza kuwepo vizuri tu huku misuli inakufa. Hapo foleni yote inabadilika, anapanda juu kabisa pamoja na wa nne, na ndo maana mko wawili zamu.