Halmashauri ya Jiji na Fedha Iliyo Mkononi Mwake

(Mhadhara uliotolewa Mbale, Uganda, mbele ya madiwani na wakazi)

Mheshimiwa Meya, Mheshimiwa Spika, waheshimiwa madiwani, wazee wetu, na akina mama mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya namna halmashauri ya jiji inavyopanga vipaumbele vyake, nami nitazungumza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo Mmasaba, Mteso na Mnubi huuziana kwayo sokoni bila kutafuta mkalimani.

Sheria yenyewe haina utata mkubwa. Katiba ya 1995 inataka mipango ya ngazi za chini iingizwe katika mpango wa wilaya, na jiji, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, lina hadhi sawa na wilaya. Maana yake ni kwamba haja ya mtaa huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa, ikapanda hadi kata, ikafika divisheni, yaani sehemu kubwa ya jiji yenye halmashauri yake, na mwishowe ikasomwa katika ukumbi wa halmashauri. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo kwa miaka mingi. Watu hutaja barabara, zahanati, taa, maji, choo cha soko, uzio wa shule, na karani huandika kila kitu kwa uaminifu. Tatizo huanza pale ambapo orodha ile yenye haja arobaini hupitishwa juu kama ilivyo, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwambia jirani yake kwamba haja yake itasubiri mwaka mwingine.

Kuna jambo ambalo wananchi wengi hawaelezwi, na ndilo hasa lililonileta hapa. Fedha nyingi zinazopita katika vitabu vya jiji hutoka serikali kuu, na sehemu kubwa ya hizo ni ruzuku zenye masharti: zikija kwa ajili ya mishahara ya walimu, ni za mishahara ya walimu, zikija kwa ajili ya dawa, ni za dawa. Diwani anaweza kusimama na kuzisifu au kuzilalamikia, lakini hawezi kuzihamisha. Tangu kodi ya kichwa ilipoondolewa mwaka 2005, halmashauri zetu zimebaki na mapato machache ya kwao wenyewe: leseni za biashara, ushuru wa soko, kodi ya majengo, ada za maegesho na kadhalika. Fedha hii ni ndogo ukiilinganisha na ruzuku, ila ndiyo ambayo halmashauri inaamua matumizi yake kwa kinywa chake. Kwa hiyo mtu akitaka kujua halmashauri inathamini nini, asisome hotuba ya bajeti. Aulize shilingi ya ushuru wa soko ilikwenda wapi.

Sheria imekwisha kuweka mipaka fulani juu ya shilingi hiyo. Mjini, divisheni hubaki na asilimia 50 ya mapato inayoyakusanya na kupeleka nusu nyingine kwa jiji, na posho za madiwani hazitakiwi kuzidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Sisemi haya kwa kuwashuku waheshimiwa waliokaa mbele yangu. Nasema kwa sababu mwananchi anayelipa leseni ana haki ya kuzijua hesabu hizi kama anavyojua bei ya sukari.

Sasa niruhusuni niwapeleke penye mtaro mmoja. Asubuhi ya leo nilisimama na mama mmoja anayeuza matoke kando ya mtaro usio mbali na hapa. Kila alfajiri, kabla ya kutandaza bidhaa zake, huchukua jembe na kuondoa tope na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, zilizokwama kwenye kalvati, kisha hulirundika tope hilo ukingoni, kwa kuwa hana pa kulipeleka. Rundo nililoliona lilinifika magotini. Mvua ikinyesha, tope lote hurudi lilikotoka, naye kesho yake huanza upya. Nilimuuliza amefanya hivyo kwa muda gani, akanionyesha mpini wa jembe, ambao ni wa tatu. Kinachokosekana pale ni lori moja, mafuta yake, na vijana wanne wenye koleo, mara mbili kwa wiki. Hakuna ruzuku itakayokuja na jina la kazi hiyo. Ikiwa haitalipwa na mapato ya ndani, haitalipwa na yeyote.

Jiji hili linajua thamani ya mtaro kuliko mengi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha, mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Sitadai kwamba mtaro safi ungezuia mto uliojaa maji ya mlima. Miteremko iliyokatwa miti na nyumba zilizojengwa kingoni mwa mto zina sehemu yake. Lakini maji yanayoingia madukani katika mvua za kawaida, zile za Aprili, hayo hayahitaji mlima kuyaeleza.

Na taka ni ndugu wa mtaro. Kampala ilimwaga taka zake Kiteezi tangu 1996, na tarehe 10 Agosti 2024 mlima ule wa taka uliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Jiji letu ni changa, lilipata hadhi hiyo Julai 2020, na bado tuna nafasi ya kuchagua mapema pa kutupa na namna ya kutenganisha.

Najua lami hupendeza, na barabara mpya huzinduliwa kwa utepe na picha, hali mtaro uliozibuliwa hauna sherehe. Nawaelewa pia madiwani ambao wapiga kura wao huwauliza, "Umetujengea nini?" Hata hivyo, lami iliyolalia maji huanza kumomonyoka pembeni, na ukarabati wake hugharimu zaidi ya mafuta ya lile lori kwa miaka.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupaswa kupitishwa kabla ya mwisho wa Mei. Kwa hiyo ombi langu kwenu, waheshimiwa, lina tarehe. Rasimu ya bajeti ya divisheni zetu mbili, ya Kaskazini na ya Viwandani, itakapowekwa mezani, tafuteni ndani yake mstari wa kuzoa tope na taka kwa fedha ya ndani. Ukikosekana, msiipitishe siku hiyo. Uandikwe, utajiwe mitaa na siku za wiki, na nakala ibandikwe kwenye lango la soko, mahali ambapo yule mama wa matoke anaweza kuisoma anapofungua kibanda.