Namba tupu haimsaidii mwenye duka

Jamani habari za mchana. Yeyote mwenye biskuti au chupa ya maji hapo aigeuze aangalie ile mistari myeusi, msimbopau, chini yake kuna namba, mara nyingi tarakimu 13. Ikianza na 620 ujue namba ilitolewa Tanzania, 616 ni Kenya, na hapa wengi wanakosea wanadhani ndo bidhaa ilikotengenezwa, hapana, ni kampuni ilikosajili namba yake tu. Sasa niambieni, humo kwenye mistari bei iko wapi? Jina la biskuti liko wapi? Hamna. Tarehe 26 Juni 1974, mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, pakiti ya bigijii za Wrigley ilipitishwa kwenye mashine ya supamaketi, ya kwanza kabisa kwa aina ile ya msimbo, na kilichofanya keshia asiandike bei kwa mkono sio ile mistari, ni jedwali lililokua nyuma yake, linalosema namba hii ni kitu gani na kinauzwa shilingi ngapi. Toa jedwali, unabaki na michoro kwenye karatasi.

Hicho ndo nimekuja kuongea leo, kurutubisha data, sisi kazini tunasema kuitia nyama. Una rekodi kavu, unaiunganisha na kitu kingine ambacho mteja hana au hana muda wa kukitafuta, na hapo ndo anapata kitu cha kulipia. Mteja halipii data jamani. Data yake anayo tayari, ameiandika mwenyewe kwenye daftari la dukani tangu duka linafunguliwa.

Niwaambie tulivyojifunza. Tulitengeneza programu ya simu ya kuandika mauzo kwa maduka ya rejareja, kuna dada mmoja Tanga mwenye duka la vyakula alikua mteja wetu wa mwanzo kabisa, anaandika kila kitu, sukari, sembe, mafuta ya kupima, sabuni za kipande. Mwisho wa mwezi sisi tunamrudishia grafu, za rangi, nzuri kweli. Akaacha kuzifungua. Nikampigia kumuuliza, akanijibu kwa upole tu, "Mwanangu, haya yote mimi nayajua, si ndo niliyoyaandika." Jibu lile lilinikaa kichwani wiki nzima, maana alikua sahihi, tulikua tunamuuzia daftari lake mwenyewe.

Tukaanza kutafuta tumuongezee nini. Kitu cha kwanza kilikua hakina gharama yoyote, kalenda. Programu yetu ilikua inalinganisha Machi na Machi, Aprili na Aprili, kama programu nyingi zinavyofanya. Sasa angalieni kilichotokea, Ramadhani inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, mwaka 2023 ilianza mwishoni mwa Machi ikaingia mpaka Aprili, mwaka 2025 imeanza mwanzoni mwa Machi ikaisha na mwezi wenyewe. Kwa hiyo duka la Tanga ukilinganisha Machi 2025 na Machi 2023 utaona sukari, tambi, tende na unga wa ngano vimepaa, unashangilia, alafu Aprili utaona biashara imekufa, unaogopa, na vyote viwili ni uongo, mwezi mtukufu ndo umehama. Tulichofanya ni kuongeza safu moja tu, tarehe ya hijri kwenye kila mauzo, alafu nyingine ya siku shule zinapofunguliwa, alafu mwisho wa mwezi watu wanapopata mishahara. Baada ya hapo tukaacha grafu, tukawa tunamtumia sentensi moja, "kwa mwendo huu sukari yako itaisha Alhamisi". Hiyo alikua anaifungua kila asubuhi, sababu Jumatano ndo siku anayokwenda kwa muuzaji wa jumla na hela ya mzigo anayo mkononi, hapo ndo anaamua. Taarifa ileile ukimpa Ijumaa haina kazi.

Mfano mkubwa zaidi wote mnaujua ila labda hamjauangalia hivi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, meseji ya muamala peke yake inasema nani katuma, kiasi gani, saa ngapi, basi. Miaka inapita, meseji zinalundikana, na Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA wakaja na M-Shwari, yani historia ya mtu anavyotumia laini yake ikasomwa upya kama kipimo cha anaweza kukopeshwa kiasi gani. Muuza mboga asiye na hati ya nyumba wala hati ya mshahara akapata mkopo kwenye simu bila kuonana na afisa wa benki. Mimi naona ni moja ya kazi kubwa zilizowahi kufanywa na programu ukanda huu. Lakini hapo hapo niseme kinachoniuma, mkopo ule ulikua na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na rekodi iliyowezesha yote hayo ni ya muuza mboga, kaitengeneza yeye kila alipotuma ada ya mtoto. Nyinyi mnaojenga vitu hivi jiulizeni thamani iliyoongezeka imeenda kwa nani, kwa sehemu gani.

Alafu kuna Ramani Huria, hapa Dar es Salaam. Ilianza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe, wakichora kata zinazofurika, Tandale na nyinginezo, wanaweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaitumia bure. Picha ya kutoka juu ukiiangalia unaona mabati, bati na bati na bati, hujui lipi ni zahanati, lipi ni shule, wapi pana mtaro na mtaro wenyewe umeziba na taka au unapitisha. Hiyo satelaiti haikwambii. Ilibidi watu watembee uchochoro kwa uchochoro wakiulizana na wenyeji maji huwa yanapita wapi. Ukishakua na hayo unaweza kutumia programu kama InaSAFE, imetoka Indonesia, unaipa tabaka mbili, moja maji yanafika wapi, nyingine kuna nini hapo, inakupa majengo yatakayoguswa. Mvua za masika zinajulikana zinakuja lini, kwa hiyo mtu mwenye ramani ile Februari anaweza kuzibua mtaro, mwenye nayo Mei anahesabu hasara tu.

Sasa upande wa kuharibu. Sisi tuliharibu. Kwenye daftari la madeni watu hawaandiki majina matatu, wanaandika Mama Juma, Baba Neema, fundi wa geti bluu. Tukaona tusaidie, programu ikawa inaunganisha majina yanayofanana iwe mteja mmoja. Mtaa ule una kina Mama Juma watatu. Mmoja akaja kununua chumvi akaambiwa anadaiwa unga ambao hajawahi kuchukua, mbele za watu. Hakurudi tena kwenye lile duka. Tulimuomba radhi mwenye duka, ila yule mama hatukumpata, na hilo bado linanisumbua. Toka hapo kila kitu tunachoongeza kinaandikwa kimetoka wapi, kina rangi tofauti na alichoandika mwenyewe, na anaweza kukifuta kwa kidole kimoja. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 nayo inatambua haki ya mtu kurekebishiwa taarifa zake, isomeni, msisubiri kuitiwa mwanasheria.

Kile kitufe cha kufuta ndo kimetufundisha kuliko vyote. Dada wa Tanga alifuta makadirio yetu ya sukari, akafuta tena, nikampigia. Akasema, "Nyie mnaanza kuhesabu mwezi ukiandama. Kwangu hapa sukari inaondoka mwisho wa Shaabani, watu wanajaza nyumba kabla, na wiki ya vunja jungu soda na mchele haukai." Hakuna kalenda tuliyopakua iliyokua na hicho kitu. Tukaongeza safu kwenye jedwali, tukaiita vunja_jungu, na siku zake anazijaza yeye.