Vitabu vya Picha Kuhusu Miti ya Wangari: Kipi Tuwasomee Watoto?

Hamjambo watazamaji wangu wa Nyeri, Nairobi, Mombasa, Arusha na kote nyumbani. Wengi wenu mmeniomba niwaonyeshe vitabu vya picha wanavyosomewa watoto wetu huku Marekani, na leo nimeweka mezani vitatu ambavyo vyote vinasimulia habari za Profesa Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, na miti yake. Ninazungumza nanyi kutoka Pittsburgh, mji ambao yeye mwenyewe alisomea shahada yake ya uzamili, akaimaliza mwaka 1966, na ambako alishuhudia wanamazingira wa hapa wakipigania hewa yao isafishwe.

Kumwambia mtoto kwamba miti ni mizuri hakutoshi, kwa kuwa hilo alilijua tangu alipokaa kivulini mara ya kwanza. Kitabu kizuri humwonyesha mti unafanya kazi gani, nani aliupanda na aliupandaje, na ni nani aliyetaka kuukata. Kwa kipimo hicho ndipo ninapovipima hivi vitatu.

Nianze na Mama Miti cha mwaka 2010, kilichoandikwa na Donna Jo Napoli na kuchorwa na Kadir Nelson. Humu wanawake wanamwendea Wangari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shida yake, na kila mmoja anapewa mti unaoifaa shida hiyo: mwenye kukosa kuni anapewa mti wa kuni, na mwenye mifugo yenye njaa anapewa mti wa malisho. Sogeeni muuone ukurasa huu. Nyuso zimechorwa kwa rangi ya mafuta, lakini nguo ni vipande vya vitambaa vyenye maua, kama vitenge vyetu, vilivyokatwa na kubandikwa. Mtoto mdogo asiyejua kusoma atapitisha kidole juu ya picha hizi kabla hujamaliza sentensi ya kwanza, na mwacheni afanye hivyo.

Kitabu cha Jeanette Winter, kilichotoka mwaka 2008, kina picha za mraba na sentensi fupi, nami ningekichagua kwa watoto wanaoanza shule. Kinaeleza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui, kwamba wanawake walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliokuwa hai baada ya miezi mitatu. Jambo hilo lina uzito mkubwa, maana kuchimba shimo mbele ya kamera anaweza yeyote, ila kuuwekea mche maji wakati wa kiangazi ndiko kupanda. Vuguvugu la Green Belt, alilolianzisha Wangari ili wanawake wapande miti, lilipoanza mwaka 1977, maafisa wa misitu walitilia shaka kwamba wanawake wa vijijini wasio na vyeti wangeweza kuotesha miche. Wanawake wakaendelea kwa ujuzi wao wa ukulima: walikusanya mbegu za miti ya kwao, wakazipanda katika makopo na vyungu vilivyovunjika, wakaviinua mahali ambapo kuku na mbuzi hawakuvifikia. Mwalimu wa chekechea anayenitazama sasa anaweza kufanya hivyo hivyo wiki hii, kwa kopo la maziwa lililotobolewa chini.

Kitabu hicho hicho kina ukurasa ambao baadhi ya wazazi huuruka, unaomwonyesha Wangari akipigwa rungu na kutoka damu. Nawaomba msiuruke. Mwezi wa Januari mwaka 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura ili kuutetea dhidi ya waliotaka kuujenga majumba, na watoto wa Nairobi wanaoendesha baiskeli humo leo wana haki ya kujua kwa nini msitu huo bado upo.

Cha tatu ni cha Claire Nivola, nacho cha mwaka 2008, kilichochorwa kwa rangi za maji. Watu wake ni wadogo na ardhi ni pana, kwa hiyo mtoto huona mlima ukivuliwa kijani chake na kuvishwa tena. Kuna mahali Wangari anawaambia wanajeshi kwamba pamoja na bunduki washike pia mche, kwa kuwa nchi wanayoilinda inachukuliwa na maji na upepo. Sijaona hoja kubwa kama hiyo ikielezwa mtoto kwa wepesi namna hii.

Hata hivyo, upo ukurasa ninaoutamani sana, na ninaamini mchoraji wa nyumbani ndiye atakayeutendea haki. Katika kumbukumbu zake Wangari anasimulia mgumo, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, uliokuwa karibu na kwao, ambao mama yake alimkataza kuuokotea kuni kwa sababu ni mti wa Mungu. Karibu na mgumo huo palikuwa na kijito, na ndani yake mayai ya vyura aliyodhani ni shanga, akajaribu kuyavaa shingoni. Baadaye mgumo ulikatwa, pakapandwa chai, na kijito kikakauka. Alipokuwa msomi ndipo alipoelewa kwamba mizizi ya mgumo hupenya mwamba hadi kwenye maji yaliyo chini, ikayafungulia njia ya kupanda juu.

Hebu fikirini picha hiyo ikiwa imekata ardhi katikati: juu ni mti na mtoto wa kike aliyechuchumaa, chini ni mizizi, mwamba na maji, na ukurasa wa pili ni mahali pale pale pakiwa na chai tupu. Wachoraji mlioko Nyeri mnaujua mgumo kwa macho yenu, mnajua unavyoanza juu ya mti mwingine na kuteremsha mizizi hadi ardhini. Uchoreni, andikeni kwa Kiswahili, na mtakapokichapisha nitawanunulia watoto wote wa jumuiya yetu hapa nakala zao.